Mkufunzi, Hebu Nyamaza Tuone Mtu Akifanya Kazi

Juma lililopita tulifungiwa ukumbini kutwa nzima tukajifunze mfumo mpya wa kupokea mizigo stoo. Mkufunzi alikuwa kijana mwerevu, mchangamfu, na mfumo ulionekana kwenye projekta muda wote. Ulionekana tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa. Kila baada ya muda alisimama, akatabasamu, akauliza: "Tuko pamoja? Mmeelewa?" Na sisi, watu wazima wenye watoto wanaosoma, tukaitikia kama darasa la kwanza: "Ndiyooo!"

Mzigo wa kwanza ulipofika, yule aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa akizunguka kuuliza pa kubofya ili kuhifadhi. Wakubwa wameshatoa hukumu: watumishi ni wazito. Eti wazito!

"Mmeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu. Nani atanyoosha mkono mbele ya meneja wake atangaze kwamba hajaelewa? Halafu wengi tuliitikia kwa moyo mweupe kabisa, tukiamini tumeelewa. Ukimtazama stadi akifanya, kila kitu ni chepesi. Anayetazama mpira kwenye televisheni naye hakosi penalti hata moja.

Upande wa mkufunzi nao una upofu wake. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaambia watu wagonge mezani kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana, wenzao wabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu zitatambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani mwake. Mwenzake anasikia ko-ko-ko. Ndiyo maana huwa nacheka ofisi inapomchukua fundi wake hodari kuliko wote, ikampa kipaza sauti, ikamwita mkufunzi. Huyo amesahau zamani sana kazi hiyo ilikuwa ngumu wapi.

Na si kwamba dawa haijulikani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vikijaa watu ambao hawajawahi kushika mashine, ulikuwapo mpango ulioitwa Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda. Wasimamizi walifundishwa namna ya kufundisha kazi kwa saa 10 tu, vikao vitano vya saa mbili mbili. Hatua zilikuwa nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Baada ya vita Wajapani waliuchukua, Toyota wakiwamo, wakaushikilia.

Utamu uko kwenye hatua ya tatu. Mwanafunzi anaifanya kazi, mkufunzi kimya, akisahihisha kosa pale pale kabla halijawa mazoea. Kisha anairudia, safari hii akieleza kwa mdomo wake mambo nyeti ya kila hatua na sababu zake: hapa ukikosea kazi imeharibika, hapa utaumia, hapa kuna mbinu ya kurahisisha. Anarudia mpaka mkufunzi aridhike. Na kabla ya yote hayo, mkufunzi mwenyewe ameshakaa na karatasi akaivunja kazi vipande vipande, kwa sababu mambo nyeti hayo yako mikononi mwake na ulimi wake haujawahi kuyataja.

Huo ndio ustadi ninaoulilia, na kozi nyingi za kuwaandaa wakufunzi zinaupita mbio. Wanafundishwa kusimama, kutembea jukwaani, kuchangamsha watu baada ya chakula cha mchana. Kuvunja kazi, hapana. Kumtazama mtu akipapasa kwa dakika nzima bila kumnyang'anya kipanya, hapana kabisa! Jamani, hilo la kipanya ndilo gumu kuliko yote. Mkono wa stadi unawasha. Anaona mtu amekwama, anaruka, "subiri nikuonyeshe", anabofya mara tatu, mambo yanakwenda, na aliyejifunza hapo hayupo. Anayetaka kuwa mkufunzi aanze na zoezi hili: aandike hatua za kazi yake, ampe mtu asiyeijua kabisa azifuate, yeye akae na mikono nyuma na mdomo kafunga. Kila mahali atakapotamani kusema kitu, ajue karatasi yake ina tundu hapo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: sauti nzuri inasaidia, na yule kijana hakujipangia kuwamudu watu wote wale kwa siku moja. Aliyepanga hivyo yupo, na hajalaumiwa na mtu.

Ila kwa slaidi yake ya asilimia simsamehi. Ile ya kwamba binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na 90 ya anachofanya, huku jina la Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani, likibandikwa chini. Dale alichora mchoro wake wenye umbo la koni, wa njia za kujifunza, mwaka 1946 bila asilimia hata moja; tarakimu zilipachikwa na wengine baadaye. Lakini tuseme ni za kweli: basi mtu anatuambia tunakumbuka tunachofanya, halafu anatukalisha tumsikilize mpaka saa kumi jioni?

Mwishoni tukagawiwa fomu. Ukumbi ulikuwaje, chai ilikuwaje, mkufunzi alikuwa mchangamfu kiasi gani. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, alishaeleza tangu 1959 kwamba kufurahi ni ngazi ya kwanza tu kati ya nne za kupima mafunzo. Juu yake kuna kujifunza, kubadilika kwa utendaji kazini, na matokeo. Sisi tunapima ya kwanza tunafunga ukumbi. Nilimpa alama zote kwa uchangamfu, alistahili. Kwenye "maoni mengine" nikaandika: anarudi lini kututazama tukifanya? Mratibu aliisoma mbele yangu, akaniuliza kama cheti changu kiandikwe majina mawili au matatu.