Nani Ashike Mfuko wa Shule?

Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha AFT nchini Marekani, alisimama mbele ya waandishi wa habari jijini Washington na kupendekeza kwamba vikundi vya walimu viruhusiwe kubuni shule zao ndogo ndani ya mfumo wa umma. Wapewe uhuru, nao wawajibike kwa matokeo. Alikuwa ametembelea shule moja ya Köln, Ujerumani, ambako timu ya walimu ilikaa na watoto walewale miaka sita na kujipangia ratiba.

Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza ya shule za mkataba mwaka 1991. Shule ya namna hii huendeshwa kwa kodi ya wananchi na haitozi ada, ila inajitawala. Sheria ile ilikuwa na sharti ninalolipenda mno: walimu wa shule wawe ndio wengi kwenye bodi yake.

Tazama Minnesota New Country, iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo makao yake ni mji mdogo wa Henderson. Haina mwalimu mkuu wala kengele. Walimu waliunda ushirika; wao ndio walioajiri, wakapanga bajeti na kutathminiana. Kila mwanafunzi ana meza yake, na husoma kwa kufanya miradi. Kiangazi cha 1995 wanafunzi wake walikwenda na mwalimu wao kwenye bwawa la shamba moja, wakakamata vyura, wakakuta wengi wana kasoro miguuni. Hawakuambiwa wafunge daftari kwa sababu kipindi kimekwisha. Walichunguza, wakatoa taarifa, na wanasayansi wa jimbo wakaja kufuatilia.

Lakini uhuru huo una jasho lake. Aliyesomea kufundisha hisabati hakusomea bima, paa linalovuja wala mishahara, na jioni ya kikao cha bajeti ni jioni ambayo madaftari hayasahihishwi. Mwalimu mpya, naye, bado anatafuta namna ya kulituliza darasa; kumkabidhi shule nzima ni kumtwisha mzigo usio wake.

Ndiyo maana wengine walishika njia tofauti. Mtandao wa shule za mkataba uitwao KIPP, ulioanzishwa na walimu wawili huko Houston mwaka huohuo wa 1994, ulikua kwa siku ndefu za masomo na nidhamu kali, na tafiti zimeonyesha watoto wa familia maskini wakipanda alama. Nchini Kenya, shule binafsi za Bridge zilikwenda mbali zaidi: mwalimu husoma somo lililoandikwa tayari kwenye kishikwambi, karibu neno kwa neno. Nilitamani ushahidi uipinge njia hiyo. Haukuipinga: utafiti aliousimamia Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi, ulikuta wanafunzi wa Bridge wamewaacha mbali wenzao wa shule nyingine. Mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la tano na hajui kusoma hana sababu ya kuuliza nani ameketi kwenye bodi.

Kwangu, mwongozo ulioandikwa vizuri ni fimbo ya kutembelea. Unamsaidia sana mwalimu aliyeachwa peke yake na watoto sitini. Ila bwawa la vyura haliwezi kuandikwa humo mapema, na mwalimu ambaye miaka mitano baadaye bado anasoma maneno ya mtu mwingine ataondoka, au atabaki mwili tu. Kwa hiyo apewe mwongozo anapoanza, na apewe pia haki iliyoandikwa ya kuuacha pale darasa lake linapohitaji kingine.

Shanker mwenyewe aligeuka katika miaka ya 1990 akazipinga shule hizi, alipoona kampuni zikiingia mahali alipotaka waingie walimu. Minnesota nayo baadaye ililegeza lile sharti la bodi. Anayeandika katiba ya shule mpya leo, ningemwomba aanze na kifungu hicho, kabla ya jina, sare na rangi ya ukuta.