ORM Inabebeshwa Mzigo Usio Wake

Mfumo ukianza kusuasua, timu nyingi za programu hapa Dar huinyooshea kidole ORM, yaani zana inayoandika maswali ya kanzidata kwa niaba ya mwandishi wa programu, kabla hata hazijapima chochote. Wakongwe hawana simile: andika mwenyewe SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, acha uvivu.

Wana hoja. Ripoti ya mwisho wa mwezi inayojumlisha mauzo kwa tawi na kuyalinganisha na ya mwezi uliopita, ukiilazimisha kwenye Django, mfumo wa Python wenye ORM yake, huzaa msururu wa annotate, amri za kuongeza hesabu kwenye matokeo, ambao aliyeuandika mwenyewe hauelewi wiki ijayo. SQL tupu hapo ni fupi na inasomeka. Tena wapo vijana walioajiriwa muda mrefu ambao hawajawahi kuandika JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, kwa mkono, na siku mambo yakiharibika wanabaki kukodoa macho.

Shtaka la kasi ndilo linalonitatiza. Chukua duka la jumla la Kariakoo, skrini ina ankara 200, kila moja na jina la mteja. Django, usipoiagiza, haimleti mteja mpaka aguswe: swali moja kwa ajili ya ankara, kisha 200 ya majina. Kanzidata ikiwa kwenye seva ileile, hakuna atakayehisi. Iweke Ulaya, programu ikabaki Dar, na tuseme kwenda na kurudi kwa kila swali ni milisekunde 150. Maswali 201 yanakula zaidi ya sekunde 30, na muuzaji ameshaagiza chai. Kwenye kompyuta ya developa skrini hiyohiyo ilifunguka papo hapo, maana kanzidata ilikuwa humo humo na ankara za majaribio zilikuwa tano.

Sasa weka SQL ya mkono ndani ya kitanzi cha for, kinachoirudia kwa kila ankara, jambo ambalo watu hulifanya kila siku. Safari ni zilezile 201, na sekunde zilezile. Kinachoumiza ni umbali mara idadi ya safari, na ORM angalau inakupa namna ya kuzipunguza bila kuandika upya skrini nzima: kwa select_related linabaki swali moja lenye JOIN, kwa prefetch_related, pale ankara moja ina bidhaa nyingi, yanabaki mawili. SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, inaongeza ukali. Ukiweka raiseload, uhusiano ambao hukuuagiza mapema ukiguswa, programu inatoa kosa palepale. Kitanzi chako cha SQL kitanyamaza mpaka mteja apige simu.

Halafu nani alisema ORM inakukataza SQL? SQLAlchemy, ambayo Mike Bayer aliitoa mwaka 2006, ina text() kwa anayetaka kuandika mwenyewe, na echo=True inaonyesha kila swali linalotumwa. Ile ripoti ya mwisho wa mwezi iandikwe kwa mkono. Skrini ya ankara ibaki kwenye ORM, ila ijaribiwe dhidi ya kanzidata iliyo mbali kama ile halisi, yenye ankara 200 na siyo tano.