Njia za baiskeli Pemba: nani hasa atapita?

Likitajwa wazo la kuunganisha njia za baiskeli Pemba kwa ajili ya utalii, jibu la kwanza huwa hili: watu hawana maji ya uhakika, nyinyi mnataka kumtengenezea mzungu pa kuchezea. Siidharau hoja hiyo. Fedha ya umma ina wenyewe, na mama anayeamka alfajiri kufukuzia ndoo ya maji ana haki ya kuuliza. Ila wengi wanaolipinga wazo hili wanapinga kitu ambacho hakikupendekezwa. Wanaona lami mpya, kokoto za kuletwa kwa meli, mkandarasi na ufunguzi wa utepe, wakati kinachotakiwa ni kuunga njia ambazo watu wanazipita kila siku.

Vipande tunavyo. Kaskazini, ukitoka mji wa Konde unaingia msitu wa Ngezi, uliohifadhiwa tangu 1959, unakwenda kivulini mpaka ufukwe wa Vumawimbi, na ukiwa na pumzi unamalizia mnara wa taa wa Kigomasha. Kaskazini ya Chake Chake kipo kijiji cha Kidike na popo wake wakubwa, wasiopatikana popote duniani ila Pemba. Upande wa kusini mashariki yako magofu ya Pujini, ngome ya mtawala wa zamani Mkama Ndume. Tatizo ni katikati. Mgeni akitaka kutoka pahali pamoja kwenda pengine hana budi kurudi barabara kuu, agawane lami na daladala na magari ya mchanga katika zile kona na miinuko. Siku moja humtosha. Ya pili anakodi gari.

Na akishapanda gari, vijiji vimemkosa. Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30, haichukui saa nzima, vioo juu, kiyoyozi kinavuma. Kwa baiskeli ni nusu siku, na nusu ya muda huo ni kusimama: kiu imemshika, tairi limepata pancha, mvua imemkuta anajibanza barazani kwa mtu. Atakunywa dafu, atauliza bei ya ndizi, atamtafuta fundi. Ni hela ndogo ndogo, lakini zinaingia mkononi mwa mtu wa shamba bila kupitia kaunta ya hoteli. Unguja utalii umejipanga ufukweni, Nungwi, Kiwengwa, Paje, na vijiji vya ndani vinaishia kuona vumbi la magari yakipita. Pemba haijafika huko. Bado tuna nafasi ya kuchagua.

Lakini hata hesabu ya dafu siyo inayonishughulisha zaidi. Kuna bonde moja la mpunga, baina ya Chake na Wete, ambalo daraja lake ni vigogo viwili vya mnazi. Msimu wa karafuu nilimkuta hapo mzee mmoja na gunia kwenye karia, anapeleka kituoni kuuza. Alisimamisha baiskeli, akafungua kamba za mpira, akalivusha gunia begani hatua kwa hatua, akalitua juu ya majani ng'ambo, kisha akarudi kuichukua baiskeli. Nikamwambia pole, akanijibu kwamba masika hapapitiki kabisa, anazunguka kwa juu. Daraja la mbao la upana wa hatua mbili lingemtosha. Lingemtosha na mtoto wa skuli, na mgonjwa anayepakiwa nyuma ya baiskeli ya ndugu yake. Mtalii angekuwa mpitaji wa nne au wa tano hapo. Ndiyo maana neno la "pa kuchezea mzungu" linaniuma: njia hizi zina wenyewe, na wenyewe wako juu ya baiskeli tangu asubuhi.

Kuhusu gharama, tutazame Limburg, Ubelgiji. Mhandisi wa migodi Hugo Bollen alibuni mtandao, uliofunguliwa 1995, ambao kila njia panda ina namba yake na mpandaji anajipangia safari kwa kufuata namba. Kule walitumia zaidi njia zilizokuwepo. Kikubwa kilichoongezwa ni vibao. Nguzo yenye namba pale njia zinapogawana mikarafuuni hailetwi kwa meli. Na pale ambapo hapana budi kukatiza lami, matuta tunayajua. Kwenye msitu wa Jozani, Unguja, yaliwekwa baada ya barabara kutiwa lami na kima punju kugongwa ovyo, na vifo vikapungua sana.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo matuta na nguzo haziziondoi. Ya kwanza ni ardhi. Nyingi ya njia hizi zinakatiza mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi, na watu wanapita kwa ujirani tu. Ukishaiandika njia kwenye ramani, mwenye shamba kesho hawezi kupanda muhogo pale, wala msimu wa karafuu hawezi kutandika jamvi lake njiani akaanika. Ya pili ni staha. Njia za mashamba zinapita uani, kisimani, kando ya makaburi. Mgeni aliyevaa kaptula fupi na kamera shingoni atatokea mahali ambapo mwanamke hakutegemea kuonekana na mgeni.

Hizi ndizo zingepaswa kuamua njia ipite wapi, na zisiamuliwe na mchora ramani aliyekaa mjini. Kidike wenyeji ndio waliowalinda popo waliokuwa karibu kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndio wanaowapokea wageni wao. Kwa hiyo naunga mkono mtandao huu, kwa sharti kwamba kila shehia ikae kwanza na wenye mashamba, kipande kwa kipande, na panapokataliwa pazungukwe. Na fedha ya mwanzo, kabla ya nguzo yoyote yenye namba, iende kwenye madaraja kama lile la vigogo viwili.