Ulaya ya Kondoo

Jamani, kuna Ulaya na Ulaya. Iko ile ya kwenye kalenda, ya maghorofa na madaraja yenye taa, na iko ile niliyoangukia mwenzenu: bonde la Swaledale, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako foleni ya barabarani maana yake kondoo wanavushwa. Kazi ilikuwa kutunza wazee majumbani. Karatasi ziliandikwa Uingereza tu, ukoo mzima ukasoma London.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Baba, hebu tupigie picha ya mjini tuone." Nikatoka nje nikapiga. Kulia kondoo, kushoto kondoo, katikati ukuta wa mawe. Simu ikawa kimya, kisha nikasikia: "Sasa baba, nauli yote ile umeenda kuchunga?" Nikamwambia hao si wangu, ni wa jirani. "Na wa kwako wako wapi?" Yaani hata kondoo wa kusingiziwa nikakosa.

Mimi ni mtu wa Njombe, baridi msinifundishe. Lakini baridi ya Njombe ina adabu: inakuja alfajiri, inakung'ata masikio, jua likipanda inaaga. Ya Swaledale imehamia na vyombo vyake. Na mvua yao hainyeshi ikaisha watu wakaanika nguo. Inaning'inia hewani kutwa nzima, unatoka dukani mkate umelowa ndani ya mfuko. Jirani unakutana naye maji yanamchuruzika puani, anakutazama, anasema: "Si mbaya leo." Ndiyo hotuba nzima hiyo. Mpaka kesho.

Jua nalo halina ratiba ya maana. Desemba, saa kumi kasorobo jioni limeshazama, mchana hata hujaukalia vizuri. Juni, saa nne kasorobo usiku ndipo linajifikiria kuondoka. Nilitundika blanketi dirishani nipate usingizi, wapita njia wakaniuliza kuna msiba?

Kwenye chai ndiko nilikoonewa zaidi. Njombe tunailima chai, nimekua naiona shambani. Sasa hawa wanatumbukiza kifuko kwenye kikombe, maji ya moto, halafu maziwa ya friji. Ya baridi! Hayajachemshwa, tangawizi hamna, iliki hamna. Na ndio wanaojisifu kwamba nchi nzima hakuna anayejua chai kama mtu wa Yorkshire. Nilimeza, nikashukuru, kodi ya nyumba ilikuwa inanitazama. Jibini lao la Wensleydale, bonde la jirani, wanalila pamoja na keki ya zabibu. Hilo sina ugomvi nalo, ni tamu, nendeni mkajaribu.

Turudi kwa kondoo, maana kule kila njia inarudi kwao. Ni wale wenye uso mweusi na pua nyeupe, dume na jike wote wana pembe. Juu mlimani pengine hakuna ukuta wala uzio, lakini kila kundi linakijua kipande chake: mwanakondoo anafundishwa mipaka na mama yake, naye akikua anamfundisha wake. Hata shamba likipata mkulima mpya, mara nyingi kundi hubaki na mlima wake. Wakati huohuo kwetu baba mdogo na jirani wako baraza la ardhi tangu sijaota ndevu, kisa mstari wa mikaratusi. Ningepata kondoo mmoja wa Swaledale nikamsafirisha aje atoe ushahidi, kesi ingeisha kabla ya saa sita.

Ikifika siku ya maonyesho, kondoo hao wanapakwa udongo wa mboji manyoya yapate rangi. Dume aliye bora, mnadani pale Hawes, anaweza kuuzwa makumi ya maelfu ya pauni. Mimi niliyemuogesha mzee wa watu na kumlisha uji siulizwi hata bei.

Halafu wapo wale watembeaji. Kuna njia inayoanzia St Bees, pwani ya magharibi, mpaka Robin Hood's Bay, pwani ya mashariki, kama kilomita 300 kwa miguu, na inapita Swaledale. Hawafukuzwi na mtu, gari wanalo. Tena wengi wanaokota jiwe dogo ufukweni St Bees, wanalibeba siku zote hizo, wakifika upande wa pili wanalitupa baharini. Bibi yangu amebeba kuni na maji maisha yake yote, hajawahi kubeba jiwe kwa kulipeleka matembezi.

Sheria inawaruhusu kupita katikati ya mashamba kwenye njia za umma, na wanaombwa waliache geti kama walivyolikuta. Mmoja alipita kwetu ametota, soksi zinalia kwachu kwachu, akaniambia nina bahati sana kuishi mahali pale. Akaenda zake. Geti akaliacha wazi.

Nilikuwa nimepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, zimestawi, naziandalia ugali wa Jumapili. Narudi kazini, kundi zima limo ndani, limebakiza vijiti. Nikamwita jirani mwenye mali aje aone alichonifanyia. Akaja taratibu, akaegemea ukuta, akatazama vijiti, akatazama kondoo, akatazama mawingu.

"Si mbaya leo," akasema.