Upepo wa Carnoustie, ukuta wa kwetu

Picha ndiyo iliyoanzisha yote. Mwezi wa tano niliituma kwenye kundi la familia: mimi nimevaa koti la mvua na kofia ya sufu, nyuma yangu bahari ya rangi ya bati, nyasi zimelalia upande mmoja, na wanawake wanne wameshika fimbo za gofu. Haikupita dakika tano, mtoto wa mama mdogo aliyeko Mtwara mjini akajibu: "Dada, hicho ndicho Msimbati inachokosa. Tukipata kiwanja kama hicho, Wazungu watajaa na sisi tutatoka kimaisha." Msimbati ni kijiji cha pwani huko kwetu Mtwara. Wengine wakamwekea dole gumba. Sikubishana naye mle kwa sababu shangazi yumo na hapendi kelele. Nabishana naye hapa.

Mimi ni wa Mikindani. Mwaka wa nane huu natunza wazee Dundee, Uskoti. Gofu siijui. Mwenzangu wa zamu na dada zake hukodi nyumba kila mwaka kwa siku nne, wakazunguka viwanja vya pwani ya mashariki. Safari hii kitanda kimoja kilibaki, nikaambiwa njoo. Nikaenda kupika na kusukuma kigari cha fimbo.

Viwanja vyao hivyo wanaviita links. Ni ile ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, yenye vilima vilivyorundikwa na upepo, ambayo mkulima aliitazama akaona haifai. Tunayo ya namna hiyo nyuma ya minazi, kichanga ambacho hata muhogo ukipanda unanyong'onyea. Wao nyasi zao ziliota zenyewe, kondoo na sungura wakazila zikawa fupi, watu wakaanza kupiga mpira juu yake. Mashimo ya mchanga yanayowatoa jasho wachezaji, wanasema mengi yalianza pale kondoo walipojichimbia kukwepa upepo. Na upepo upo! Carnoustie, uwanja wetu wa siku ya kwanza, ulinisukuma kama kondakta anayetaka gari ijae. Mwenzangu akipiga mpira unaondoka vizuri, unasita hewani, halafu unakwenda kushoto kana kwamba umeitwa. Nao wanacheka. Kwetu kusi ikikaza, ngalawa zinapandishwa, samaki sokoni wanapanda bei na watu wanarudi kwenye kisamvu. Hawa wanatoa pesa ya likizo ili kusi yao iwapige usoni.

Walinionyesha kijito kwenye shimo la 18, la mwisho la kutumbukizia mpira, ambako mwaka 1999 Mfaransa Jean van de Velde, kombe la mashindano makubwa ya Open likiwa karibu mikononi mwake, alivua viatu akaingia majini kuutazama mpira wake, na kombe likamponyoka. Walinionyesha kwa heshima, kama sisi tunavyomwonyesha mgeni nyumba ya Livingstone pale Mikindani.

Lakini kitu kilichonivunja nguvu kilikuwa kichaka. Mpira ulipotelea kwenye miba yenye maua ya njano, wenyewe wanaiita gorse, tukainama wote kuutafuta. Pua yangu ikashika nazi. Nazi kabisa, iliyokunwa sasa hivi, kabla hujatia maji. Nikageuka nione nani kafungua biskuti. Wakaniambia ni maua, yakipata jua ndivyo yanavyonukia. Miaka minane napika wali kwa nazi ya kopo, kumbe nazi mbichi ya kunusa ipo kwenye miba ya Uskoti. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza kama ninaumwa.

Na lile tendo lenyewe la kutafuta mpira, wanawake wanne wamepinda migongo, kila mmoja na fimbo anachokoa chini, hawasemeshani! Mtu wa pwani yetu akiiona angejua moja kwa moja: maji yamekupwa, wanatafuta pweza. Shangazi yangu ana chuma chake cha kuchokolea alichokirithi kwa mama yake. Bamvua likifika, asubuhi yuko mwambani na ndoo, khanga kaifunga kibwebwe, anasoma mashimo. Akiona vijiwe na maganda yamepangwa mdomoni mwa tundu, anajua mwenyewe yumo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Jumapili tulikwenda St Andrews, kwenye ule uwanja mkongwe wanaouita Old Course, ambao mwaka 1764 mashimo yake yalipunguzwa kutoka 22 hadi 18, na ndiyo sababu leo dunia nzima inacheza 18. Nilitegemea geti na mlinzi. Nilikuta watu wanatembeza mbwa. Mtoto anajifunza kutembea pale pale ambapo kesho yake mgeni atalipa zaidi ya pauni 300 kukanyaga. Jumapili, ukiacha siku za mashindano makubwa, uwanja hauchezwi, unakuwa wa kila mtu. Hata siku za kazi kuna njia ya umma inayokatiza katikati yake kwenda baharini, na mchezaji, awe tajiri vipi, anasubiri mama mwenye kigari cha mtoto apite. Ardhi ni ya mji. Waliandikiwa haki yao ya kuitumia mwaka 1552, askofu mkuu akibaki na haki ya kufuga sungura wake pale.

Wasidhani wenzetu walizaliwa na bahati. Mwaka 1797 baraza la mji lilifilisika, ile ardhi ikaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, na wenyeji wakapigana nao, mahakamani na nje, zaidi ya miaka ishirini. Wala usidhani wana roho nzuri kuliko sisi. Klabu ya wakubwa iliyojengwa pale pale mbele ya uwanja ilipiga kura kuruhusu wanawake kuwa wanachama mwaka 2014. Elfu mbili na kumi na nne! Zamani wanawake walitengewa kipande chao cha vilima vya kusukumia mpira taratibu, maana kunyanyua fimbo juu ya bega ilikuwa aibu. Hicho kipande, cha tangu 1867, bado kipo, na kwa pauni chache yeyote anacheza. Ndiko nilikocheza mimi. Nilimshinda mwenzangu shimo moja na sitaacha kulisema.

Kwa hiyo mdogo wangu, ulichokiona kwenye picha ni nyasi. Mimi nilichokionea wivu ni ile njia.

Likizo yangu ya mwisho nyumbani nilimsindikiza shangazi pwani, sehemu ambayo sitaitaja. Njia tuliyopita tangu utoto wangu imeishia kwenye ukuta wa matofali, juu yake vipande vya chupa. Kijana mmoja akachungulia getini, wala si wa mbali, nadhani ni wa Nanyamba kwa lafudhi yake, akamuuliza shangazi: "Mama, unamtafuta nani?" Shangazi akainua ndoo. Yule kijana akaona haya, akasema pole mama, ndivyo nilivyoagizwa. Tukazunguka kwa kupitia mikoko, nusu saa nzima, matope mpaka magotini, tukafika maji yameshaanza kujaa. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Nilihesabu hatua zangu kutoka ukutani hadi alama ya maji. Sikufika thelathini.

Ukiniambia gofu Msimbati, naona ukuta huo huo, mrefu zaidi, na shida ya maji. Uskoti nyasi zinanyweshwa na mvua na ule ukungu wa baharini wanaouita haar, unaoingia mchana ukafuta kila kitu. Sisi kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja mvua hakuna, mtu ananunua dumu. Nani atazinywesha hizo nyasi, na kwa kisima cha nani? Mtu wa Mtwara akisikia neno maendeleo huuliza kwanza linaelekea wapi. Gesi ya Mnazi Bay, hapo hapo Msimbati, tunayo chini ya miguu yetu, na bomba tuliloliona likizinduliwa 2015 lilielekea Dar.

Mgeni aje, simkatai, hoteli zijengwe huko nyuma, vijana wapate kazi. Ila kabla tofali la kwanza halijapangwa, njia ya kwenda majini iandikwe kwenye ramani ya kijiji, iwe na jina na upana wake, na mwenye hoteli asubiri kama yule mwenye pauni zake 300 anavyosubiri.

Juzi nilimpigia shangazi, nikamsimulia habari ya njia ile ya St Andrews. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko pweza wapo. Halafu akaaga mapema. Bamvua ni Alhamisi, akasema, anataka alale, apite getini kabla yule kijana hajaamka.