Kibofu au wasiwasi?

Mama wa Bombo, Uganda, anayetia udhu mara tatu kwa swala moja ya adhuhuri kwa kubanwa na mkojo huambiwa ana wasiwasi, ule wa shetani. Akifika zahanati atalisikia neno lilelile, safari hii bila shetani: "Ni mawazo tu, mama." Kesho yake anapanda teksi ya Kampala, na kabla hajakaa keshauliza watasimama wapi.

Tatizo lake linajulikana kitabibu: mkojo kumbana mtu ghafla asiweze kusubiri, mara nyingi pamoja na kwenda chooni kila saa na kuamka usiku, bila maambukizi wala sababu nyingine ya wazi.

Wanaolihusisha na akili hawabahatishi. Kibofu hakijiamulii. Ni ubongo unaokizuia mpaka mtu apate pa kujisaidia, na hofu huuvuruga uzuiaji huo. Tafiti nazo zimewakuta wagonjwa hawa na wasiwasi na sonona kuliko watu wengine.

Lakini nani alianza? Mtu anayekatizwa usingizi kila usiku na kuogopa kujilowesha mbele ya abiria kumi na wanne atakosaje wasiwasi? Kwa woga huo anakwenda chooni hata asipobanwa, kibofu kinazoea kumwaga kidogo kidogo, na kesho kinabana mapema zaidi. Mimi nadhani wengi wamenasa hapo, ambapo chanzo hakina maana tena.

Kinachonikera ni wepesi wa lile neno "mawazo". Kisukari nacho humpeleka mtu chooni mara kwa mara. Mkojo na sukari vipimwe kwanza, ndipo tuzungumzie akili. Upande wa pili, wa wanaokiona kibofu peke yake, nao una uvivu wake: kuandika vidonge na kumwita anayefuata. Baadhi ya vidonge hivyo hukausha mdomo, na kwa wazee huweza kuvuruga kumbukumbu.

Tiba ya mwanzo hasa ni kukizoesha kibofu: ukibanwa, tulia, kaza misuli ya nyonga, ngoja dakika chache, wiki ijayo uongeze. Kahawa ipunguzwe, na chai pia (hapo ndipo wengi wetu hukataa). Sasa hayo ni mazoezi ya kibofu au ya akili?

Fiqhi, yaani sheria za ibada za Kiislamu, ina nafasi ya anayevuja mkojo mfululizo: hutia udhu wakati wa swala ukiingia, akaswali hivyohivyo. Mama wetu hayumo humo, maana wake humbana kisha ukatulia. Kwa sheikh hana udhuru, na maabara imemwandikia kwamba hana ugonjwa.