Sijanywa sumu, ni pilipili

Kwanza kabisa: sijanywa sumu. Wale mliompigia mke wangu kuuliza msiba uko wapi, asanteni kwa upendo, ila mlimchelewesha kuniletea maziwa. Na wewe rafiki yangu wa bodaboda uliyerusha video kwenye grupu la mtaa na maneno "jirani kanywa dawa ya wadudu, tumwombee", video yako inaanza nikiwa tayari nimelala kwenye tuta la mchicha. Mwanzo hukuurekodi, najua, simu ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Haya, mwanzo ndio huu.

Sukuma wiki zangu mnazijua, nimeziposti hadi mkachoka. Zikaingia vidukari, tena vile vya kijivu vyenye ungaunga mwilini, vinavyojazana mgongoni mwa jani na kwenye kichomozo mpaka jani linajikunja. Ule ungaunga ni nta. Ukimwaga maji juu yake yanateleza na kuondoka, kidukari hata hakigutuki. Na vinazaliana kihuni: huku kwetu kwenye joto karibu wote ni majike, wanazaa bila dume, na mtoto anatoka tumboni akiwa na ujauzito wake tayari. Nyie mnaosema uchumi mgumu kuleta watoto, wenzenu hawajapata hiyo taarifa.

Sasa, jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, ni mtu wa dawa za dukani. Mchicha wake hauna tundu hata moja. Mimi ni mtu wa asili, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimhubiria juu ya ukuta, yeye kavaa msuli anapulizia, mimi nimeshika kikombe cha chai namwambia, "Shikamoo mzee, hiyo mboga utaila lini?" Hoja yangu, nisiwafiche, ilikuwa na mashiko. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na sukuma wiki huchumwa jani jani, leo mawili, kesho kutwa matatu. Dawa ya kusubiri siku 14 kwenye mboga ya namna hiyo maana yake ni kufunga mdomo nusu mwezi. Isitoshe mzee alikuwa ananunua dawa iliyogawanywa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina kibandiko, haina jina, na anapima kwa kizibo cha soda. Vizibo vingapi kwa bomba la kupulizia la lita 16? "Viwili. Wakiwa wabishi, vitatu."

Na ile dawa yake, kwa harufu na kwa anavyoisimulia, ni zile za jamii ya pairethroidi, yaani pareto iliyotengenezwa maabara. Zinaua haraka, sikatai. Lakini zinaua na yule mdudu mviringo mwekundu wa madoa meusi anayekula vidukari asubuhi hadi jioni bila kudai posho. Akishakufa huyo, na buibui wadogo wakafa, utitiri mwekundu, kijidudu kidogo kinachonyonya majani, unaingia bila upinzani, maana wenyewe ile dawa haiufanyi kitu cha maana. Unapulizia kizibo cha tatu, unajiuliza kwa nini majani yamekuwa ya njano.

Mzee naye hakuwa mjinga. Siku moja alinijibu neno moja likanikaa kooni: "Mwanangu, utupa nao ni majani. Kawaulize samaki." Kweli, utupa ni mmea, watu wameupondaponda na kuuweka mtoni kuvulia samaki tangu enzi za mababu, na bado huo huo unapuliziwa bustanini ukiitwa dawa ya asili. Tumbaku nayo ni jani, lakini maji yake yanapita kwenye ngozi yako mpaka ukatapika, na ukiyapulizia kwenye nyanya unaweza kuzipa ugonjwa wa virusi bure. Nilipaswa kunyamaza hapo. Nikamjibu, mbele ya watu: "Mimi yangu ni pilipili na kitunguu saumu, mzee. Yangu naweza hata kuonja."

Mliopo kwenye grupu la mtaa mnakumbuka hiyo "naweza hata kuonja". Mmenirudishia mara nyingi vya kutosha.

Dawa yenyewe ni rahisi. Pilipili kichaa konzi mbili, kitunguu saumu vichwa viwili, vitwange kinuni mpaka vilainike, loweka kwenye lita mbili za maji usiku kucha, asubuhi chuja, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vijiko viwili vya chai. Sabuni ndiyo inayovunja ile nta ya kidukari na kulifanya jani lilowe. Sabuni ya unga usitie, inaunguza majani. Jaribu kwanza majani mawili, subiri kesho yake, ndipo upulizie bustani nzima, jioni jua likipoa. Yote hayo niliyafanya. Tatizo lilikuwa kwenye neno "chuja". Kuchuja kunataka kitambaa cha pamba, kikunjwe mara mbili. Nilikiona kipande cha kanga kuukuu kabatini. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kanga ya marehemu bibi yangu uchujie pilipili?" Nikachukua chujio la chai.

Chujio la chai limeumbwa kuzuia majani ya chai. Ganda la pilipili lililotwangwa linapita pale bila hata kuinama. Linaingia kwenye kipulizio cha mkono, kile cha lita mbili cha kupampu juu, linasafiri kwenye mrija, linafika kwenye nozeli yenye tundu la ukubwa wa sindano, linakaa.

Jioni hiyo kulikuwa na watu. Bibi shamba wa kata alikuwa amepita mtaani kuangalia bustani za kina mama wa kikoba, wakaja naye kwangu kwa sababu, naomba mnielewe, nilimwita. Mzee alikuwa ukutani na kofia yake. Dogo wa bodaboda alikuja kudai elfu mbili yake, akakuta shughuli, akatoa simu.

Nikapampu. Nikapulizia. Ukungu mzuri ukatoka, wa kwenye tangazo. Nikasema maneno kuhusu mama asili. Ukungu ukawa matone, matone yakawa tone, tone likakauka. Nikapampu tena. Halafu tena, kwa hasira, huku natabasamu. Kile kipulizio kina kidude cha kukibana kifyatulio kibaki wazi ili usichoke kidole. Mimi nilikuwa nimekibana. Kwa hiyo chukueni hesabu hii: tangi limejaa upepo, kifyatulio kiko wazi, na kati ya upepo huo na dunia kuna ganda moja la pilipili kichaa.

Mtu mwenye akili hapo anafanya nini? Analegeza kifuniko polepole au anavuta kivalvu cha pembeni upepo utoke. Anafungua nozeli, anailoweka kwenye maji, anaisugua kwa mswaki wa zamani au anasukuma uchafu kwa kijiti laini cha jani. Hatumii pini, pini inapanua tundu na kuanzia siku hiyo bomba linamwaga badala ya kupulizia. Na hapulizi kwa mdomo. Hili huandikwa kwenye miongozo ya mabomba, kwa ajili ya watu wa aina fulani.

Nikaiweka mdomoni.

Naomba twende taratibu hapa. Midomo yangu imeizunguka nozeli. Macho yangu yanamwangalia bibi shamba, yeye ameanza kunyoosha mkono, mdomo wake unaunda herufi "u" ya "usi". Mashavu yamejaa hewa, nataka kupuliza. Ile nozeli ni ya kuzungusha: ukiilegeza kidogo inatoa ukungu, ukiendelea inatoa mshale. Ikanitereza kwa mate, nikaibana kwa meno, ikazunguka. Nikasikia "tk". Lile ganda ndilo lililotoka kwanza, nililihisi likigonga kimio. Nyuma yake ikafuata lita nzima iliyokuwa inasubiri foleni.

Ilipita kooni, ikagonga ukuta wa nyuma, ikapanda puani. Nilichokuwa nimekiandaa kupuliza nikakivuta ndani. Watu wanadhani pilipili inawasha ulimi. Ulimi ulikuwa salama kabisa, ulikuwa mtazamaji. Kilichowaka kilikuwa mahali nisipopajua jina, nyuma ya pua, chini ya ubongo, halafu masikio yakaziba na nikaanza kusikia kitunguu saumu. Kukisikia kwa masikio. Nikaitoa nozeli mdomoni, na kwa kuwa kifyatulio nimekibana mwenyewe, mshale ukaendelea na kazi: ukampitia mzee kofiani, ukawabariki kina mama wawili wa kikoba, ukamalizia kwenye simu ya dogo. Ndiyo maana sekunde tatu za kwanza za video zina ukungu.

Halafu nikafuta macho. Kwa mikono ile ile iliyokuwa inatoa pilipili kinuni. Hapo ndipo nilipolala kwenye mchicha.

Dogo akapiga kelele, "Kanywa dawa!" Mke wangu akatoka jikoni, "Dawa gani?" "Ya wadudu!" Mzee, huku anakung'uta kofia, akaagiza, "Maziwa! Mpeni maziwa yatoe sumu!" Bibi shamba akapinga palepale: mtu aliyemeza kiuatilifu hapewi maziwa, dawa nyingi zinayeyuka kwenye mafuta na maziwa yanaweza kuzisaidia kuingia mwilini, wala hatapishwi, anakimbizwa hospitali pamoja na chupa yenye kibandiko chake, daktari ajue anapambana na nini. Mzee akasema yeye amelelewa kwa maziwa. Bibi shamba akamuuliza dawa yake ile isiyo na kibandiko angempelekea daktari nini, kizibo cha soda? Walibishana vizuri sana. Kitaalamu walikuwa wanaelimisha. Mimi nilikuwa chini katikati yao natoa sauti ambayo mfuasi wangu mmoja amesema ameiweka kama mlio wa simu. Nakujua.

Mama mmoja wa kikoba akanimwagia ndoo ya maji. Shetani huyu wa pilipili, anaitwa kapsaisini, hayeyuki kwenye maji; maji yanamtembeza tu. Alikuwa mdomoni na machoni, ndoo ikamfikisha shingoni, kifuani, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa bukta ya mpira, akaendelea na safari hadi kituo cha mwisho. Sitaeleza zaidi, kuna watoto.

Ni bibi shamba aliyenusa nozeli na kusema, "Jamani, si ni pilipili tu?" Ukimya. Kisha akageuka: "Basi maziwa leteni." Protini ya maziwa inaikamata kapsaisini na kuing'oa kwenye ulimi, kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na hadi leo anakataa kusikia nusu ya pili ya sentensi hiyo. Nikapewa mtindi, nikausukutua, nikaumeza, nikaulizia mwingine. Macho yakaoshwa kwa maji safi yanayotiririka, robo saa nzima, shingo imelazwa pembeni. Mikono ikasuguliwa kwa mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni. Kituo cha mwisho nilikishughulikia mwenyewe, chooni, na kopo la mtindi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nililala, niliamka, kofia ya mzee niliifua, elfu mbili ya dogo imekuwa elfu tano kwa madai ya simu.

Mnaouliza kuhusu vidukari: havikufa hata kimoja. Bibi shamba aligeuza jani mbele yangu, mimi naangalia kwa jicho moja. Juu ya jani dawa yangu ilikuwa inang'aa vizuri. Chini, vidukari vimekaa vikavu, vinanyonya. Sabuni haiui kisichoguswa, na mimi nilikuwa nasimama wima napulizia kutoka juu huku naongea. Akachuma majani makongwe yote ya chini, akachukua mpira wa maji, akabana mdomo wa mpira kwa kidole gumba na kuvipiga vidukari kwa kasi kutokea chini kwenda juu. Kidukari kikishang'olewa hivyo mdomo wake mara nyingi unakatika, hakirudi. Akaniambia nifanye hivyo asubuhi majani yapate kukauka, jioni nimalizie na maji ya sabuni peke yake, kijiko cha chai kwa lita, chini ya jani, nirudie kila baada ya siku nne au tano maana vinavyozaliwa havisubiri. Nikitaka nguvu zaidi nitumie mbegu za mwarobaini, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, zilale usiku, zichujwe kwa kitambaa. Haziui papo hapo, zinawakatisha hamu ya kula na kuwavuruga wasijivue ngozi, na jua linazidhoofisha, hivyo ni kazi ya jioni. Akanionyesha pia vidukari vichache vilivyovimba, vya rangi ya kahawia inayong'aa: humo ndani kuna mtoto wa nyigu mdogo anavila. Majani yenye hivyo niyaache.

"Na pilipili?" nikauliza, sauti bado ya mtu mwingine.

"Pilipili weka kwenye mchuzi, kaka."

Jana mama mmoja wa kikoba, aliyebarikiwa na mshale, amekuja na kidumu cha lita tano. Bamia zake zimevamiwa, anataka nimtengenezee. Nikamwambia sawa, ila alete kitambaa cha kuchujia. Akakubali. Akatoka hadi getini, akarudi, akaniuliza kwa heshima zote kama huwa naonja kila ninapotengeneza, maana angependa kuja na wanawe.